Barua pepe ya kampuni iliyokufa

Ukitaka kujua mtu aliingia lini kwenye intaneti hapa Afrika Mashariki, huna haja ya kumuuliza. Tazama kilichoandikwa baada ya alama ya @ kwenye kadi yake ya biashara. Mwenye africaonline.co.ke au africaonline.co.tz ni mtu wa enzi za modemu kulia kwenye waya wa simu ya mezani huku dakika zikihesabiwa, na mtu wa chumba cha pili akiuliza kama simu imeharibika. Twiga.com na raha.com ni Dar es Salaam. Zanlink.com ni Unguja. Swiftkenya.com na wananchi.com ni Nairobi, rwanda1.com ni Kigali. Kisha wanakuja watu wa hotmail na yahoo, wengi wao waliofunguliwa anwani kwenye intaneti kafe kwa kulipia nusu saa. Mwisho wa foleni ndiyo gmail, ambayo siku hizi kijana anaipata siku anayowasha simu yake ya kwanza, mara nyingi bila hata kujua kwamba amefungua barua pepe.

Hilo kundi la kwanza ndilo linalopotelewa. Hotmail ya 1998, kama mwenyewe hakuacha kuifungua, inapokea barua mpaka leo. Anwani ya kampuni ya intaneti ya mwaka huohuo, iliyolipiwa fedha taslimu kila mwezi, kwa kawaida haipo tena. Ya bure imedumu na ya kulipia imekwenda. Watu hushangaa, lakini ukiangalia jinsi biashara ile ilivyoendeshwa, isingeweza kuwa vinginevyo.

Kampuni ya intaneti haikuuza barua pepe. Iliuza muunganisho, na barua pepe ikatolewa juu yake bila mteja kuiomba. Mtu wa masoko aliipenda kwa sababu ilitangaza jina la kampuni kila mteja alipoandika barua, na zaidi kwa sababu ilimfunga mteja. Aliyekwisha kuchapisha karatasi zenye nembo na kupaka anwani hiyo kwenye mlango wa gari la kampuni hahami kirahisi, hata kasi ikiwa mbovu kiasi gani. Tuliichukua kama zawadi. Ilikuwa kamba.

Na kampuni zenyewe hazikuwa za kukaa. Africa Online ilianzishwa mwaka 1994 na Wakenya watatu waliokuwa Marekani, Ayisi Makatiani, Karanja Gakio na Amolo Ng'weno, ikakua hadi kuwa na wateja katika nchi kadhaa za Afrika. Mwaka 2007 ilinunuliwa na Telkom ya Afrika Kusini, kisha ikaunganishwa na MWEB Africa na kupewa jina la iWayAfrica. Raha ya Dar es Salaam iliingia mikononi mwa Liquid Telecom mwaka 2017, na Liquid yenyewe imebadili jina tangu hapo. Sioni kosa lolote katika hayo. Kampuni huzaliwa, huuzwa, huungana. Tatizo ni kwamba jina la kampuni lilikuwa limekaa ndani ya jina la mteja. Mwenye kampuni akibadili bango lake, wewe uliyekuwa chini ya bango unabaki na jina lisilo na mwenyewe.

Sisi huku tumezoea anwani za kuazima. Watu wengi wa rika la wazazi wetu walipokea barua kwa S.L.P. ya shule, ya misheni, ya kiwanda alikofanya kazi baba mdogo. Ukihama, barua zilibaki nyuma, lakini karani wa masjala alikujua, na barua yako ingekaa pale hadi apatikane mtu anayekwenda upande wenu. Ilichelewa, ilifunguliwa njiani, lakini ilifika. Na hata isipofika, ulichopoteza kilikuwa barua. Hakuna benki iliyowahi kukwambia uthibitishe kuwa wewe ni wewe kwa kwenda kufungua sanduku la posta la shule uliyomaliza miaka ishirini iliyopita.

Leo ndivyo tunavyoambiwa. Hapo ndipo ninapotofautiana na wanaoizungumzia anwani ya zamani kwa majonzi, kana kwamba msiba ni barua zilizopotea. Barua za enzi zile kwa kweli hazikupotea kwenye seva, yaani kompyuta za kampuni zinazopokea barua. Utaratibu wa POP, ambao takribani wote tuliutumia, ulishusha ujumbe kwenye kompyuta yako na kwa kawaida kuufuta kule ulikotoka, kwa sababu nafasi ilikuwa ghali. Gmail ilipotangazwa tarehe 1 Aprili 2004 ikiwa na gigabaiti moja, Hotmail ilikuwa ikitoa megabaiti mbili na Yahoo nne. Kwa hiyo barua zako za 1999, kama zipo, zipo kwenye diski ya kompyuta iliyofunikwa kitambaa kule stoo. Kilichopotea pamoja na anwani ni ufunguo.

Nilimsindikiza mzee mmoja, mpima ardhi mstaafu, katika safari ya kuutafuta ufunguo wa namna hiyo. Ofisi yake ndogo ya upimaji ilikuwa imesajiliwa kwenye mfumo wa taasisi moja ya umma, na alitaka kuongeza jina la binti yake kama mkurugenzi. Alikumbuka jina la kuingilia. Nenosiri alilisahau, akabofya pale pa kulirejesha. Skrini ikaandika kwamba namba ya uthibitisho imetumwa kwenye anwani iliyofichwa kwa nyota: herufi ya kwanza ya jina lake, nyota sita, alama ya @, nyota nyingine, halafu .co.tz. Chini yake palikuwa na chaguo la pili, kutuma namba hiyo kwa simu. Simu yenyewe ilianzia 022. Ya mezani.

"Mzee, hiyo barua pepe bado unayo?"

"Mwanangu, ile kampuni hata bango halipo. Pale siku hizi wanauza vigae."

Tukaenda ofisini kwao. Binti wa dirishani alikuwa na adabu zake zote, akampa shikamoo, akamvutia kiti. Akasikiliza, akasema jambo ni dogo tu: mzee aingie kwenye mfumo, afungue sehemu ya taarifa zake, abadilishe barua pepe, amalize. Nikamweleza kwamba ili aingie anahitaji namba, na namba inakwenda kwenye barua pepe tunayotaka kuibadilisha. Akatazama skrini yake, akatutazama, akasema ngoja amuulize mtu wa TEHAMA. Mtu wa TEHAMA alikuwa kwenye semina.

Mwishowe alifanikiwa, kwa hati ya kiapo iliyogongwa muhuri na wakili, barua ya maelezo, nakala ya kitambulisho cha taifa na cheti cha usajili cha karatasi ambacho, kwa bahati, mke wake hakuwahi kukitupa. Naitaja karatasi hiyo kwa makusudi. Mfumo uliojengwa ili karatasi zisihitajike uliokolewa na karatasi. Na hakuna mahali popote kwenye tovuti ya taasisi ile palipoandikwa kwamba njia hiyo ipo. Ilijulikana kwa mtu mmoja tu, afisa wa ghorofa ya pili anayekaribia kustaafu.

Kisa cha mzee huyu ni chepesi, kwa sababu anwani yake ilikufa kifo kizuri. Barua ikitumwa kule inarudi na ujumbe wa kuonyesha kuwa mpokeaji hayupo, au kama vijana wanavyosema, imebaunsi. Mbaya zaidi ni anwani inayokufa halafu ikafufuliwa na mtu mwingine. Jina la kikoa, yaani kile kinachokaa kulia kwa @, halinunuliwi likawa mali ya milele. Linalipiwa kwa mwaka au miaka kadhaa. Kampuni ikifungwa na asiwepo wa kulipia, muda wa ziada wa kulipia ukipita jina linarudi sokoni, na yeyote mwenye fedha kidogo anaweza kulichukua. Akishalichukua anaweka seva ya barua na kuiamuru ipokee kila kitu, kwa jina lolote litakaloandikwa mbele ya @. Hahitaji nenosiri lako. Hahitaji hata kujua kwamba uliwahi kuwepo. Anakaa na kusubiri taarifa za benki zianze kuingia, kisha anakwenda kwenye ukurasa uleule wa "umesahau nenosiri" aliokwama mzee wetu, na yeye hakwami.

Mwaka 2018 mtafiti wa usalama wa mitandao huko Australia, Gabor Szathmari, alilifanya jambo hilo kwa majaribio. Alisajili upya vikoa vilivyoachwa na ofisi za mawakili zilizokuwa zimeungana na nyingine na kubadili majina. Barua za siri za wateja zilianza kumiminika kwake, ankara na nyaraka za kesi, na akaonyesha kwamba angeweza kuingia kwenye akaunti za watu waliokuwa wakitumia anwani hizo. Hakuvunja chochote. Alilipia tu kikoa.

Yahoo nao walituonyesha sura nyingine ya jambo hilohilo. Mwaka 2013 walitangaza kuwa majina ya watumiaji yaliyokaa miezi 12 bila kuguswa yatagawiwa kwa watu wengine. Haikuchukua muda, wapokeaji wapya wakaanza kulalamika kuwa wanaletewa barua za wenye majina wa zamani, pamoja na mambo ya fedha na ya hospitali. Yahoo wakaongeza kitufe cha kusema "hii si barua yangu", na kwa kushirikiana na Facebook wakatunga alama ya kiufundi ambayo mtumaji anaiweka kwenye barua, maana yake: mpe huyu kama tu amekuwa mwenye anwani tangu tarehe fulani. Ilichapishwa rasmi mwaka 2014 kama RFC 7293, mojawapo ya hati za kanuni za kiufundi za intaneti. Wazo zuri sana. Sijaona benki ya kwetu inayolitumia.

Wenzetu wa nchi tajiri hawakuliepuka tatizo hili. Walilipata kwa wingi zaidi, maana walianza mapema. Uingereza, kampuni ya Freeserve iliyoanzishwa na maduka ya Dixons mwaka 1998 ilinunuliwa na Wanadoo ya Ufaransa, ikawa Orange, ikaishia ndani ya EE, na tarehe 31 Mei 2017 EE ikazima anwani zote za majina hayo kwa mkupuo. Mwezi Novemba mwaka huohuo Vodafone ya New Zealand ikafanya vivyo hivyo kwa anwani zake na za kampuni ilizokuwa imezimeza, kama ihug na paradise. BT, kampuni ya simu ya Uingereza, wao waliamua kuwatoza ada ya mwezi wateja walioondoka wanaotaka kubaki na kikasha chao kamili. Ndugu zetu walioishi London na Leicester wakati ule wanazijua barua zile za kuaga: una wiki kadhaa, waambie watu wako, pakua vyako, kwaheri.

Ufaransa ndiyo iliyofanya la maana. Sheria yao inamlazimu mtoa huduma wa intaneti kumwachia mteja aliyeondoka matumizi ya kikasha chake bure kwa miezi sita. Si muda mrefu, lakini ni muda uliowekwa na sheria, tofauti na huruma ya meneja.

Huku kwetu mdhibiti amekwisha kuonyesha kwamba anaweza kumlinda mtu na jina lake akitaka. Kenya ilianzisha huduma ya kuhama mtandao wa simu bila kubadili namba mwaka 2011, Tanzania ikafuata Machi 2017. Kabla ya hapo kampuni za simu zilijua fika kuwa namba ndiyo kamba ya mteja. Utasema basi tufanye hivyo kwa barua pepe. Haiwezekani kwa njia ileile, na ni vizuri tuelewe kwa nini. Namba ya simu inatoka kwenye mpango wa namba wa taifa. Kampuni inagawiwa tu, kwa hiyo mdhibiti anaweza kuagiza namba moja ihame. Kikoa ni cha kampuni yenyewe, na barua zote za kikoa hicho huelekezwa kwenye seva inayotajwa kwenye rekodi moja ya kikoa kizima. Huwezi kumhamisha mpangaji mmoja. Sheria ya Kenya ya kulinda taarifa binafsi ya 2019 inampa mtu haki ya kuhamisha taarifa zake, kifungu cha 38, na hiyo inaweza kukupa nakala ya barua zako. Anwani haikupi.

Njia iliyobaki ni kampuni kukupitishia barua kwenye anwani yako mpya. Nayo ina kikomo. Seva za siku hizi hukagua kama barua imetoka kwenye mashine iliyoruhusiwa na mwenye kikoa, na barua iliyopitishwa na mtu wa kati mara nyingi inafanana na ya tapeli. Tangu Februari 2024 Google na Yahoo wamekaza ukaguzi huo kwa wanaotuma barua nyingi, yaani hasa mabenki na mifumo ya serikali ambayo barua zake ndizo unazozitaka. Kwa hiyo atakayedai kampuni ipitishe barua milele anadai kitu kitakachoharibika chenyewe.

Jibu linalotolewa haraka ni "fungua gmail". Sawa, nami ninayo. Lakini huko ni kubadili mwenye nyumba. Tangu Desemba 2023 Google wamejipa ruhusa ya kufuta akaunti binafsi isiyoguswa kwa miaka miwili, ingawa angalau wanasema jina lililofutwa hawalitoi kwa mwingine. Mwanafunzi aliyekwenda Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) au mama aliyekaa kijijini na simu ya kitochi anaweza kuifikia miaka miwili bila kujua. Kuwa na kikoa chako mwenyewe ni bora kwa mwenye biashara, na inanishangaza bado kuona magari ya utalii Arusha yenye thamani ya mamilioni yamepakwa anwani ya bure mlangoni. Kwa mtu wa kawaida, hata hivyo, kikoa ni bili nyingine ya kukumbuka kila mwaka, na ukiisahau umejitengenezea hatari ileile niliyoieleza hapo juu, sasa ukiwa na jina lako kamili juu yake.

Hata taasisi kubwa hujiweka pabaya. Chuo cha tiba cha Muhimbili kilipokuwa chuo kikuu kamili mwaka 2007, MUCHS ikawa MUHAS na kikoa kikabadilika. Makala za utafiti wa malaria na UKIMWI zilizochapishwa kabla ya hapo bado zinaonyesha anwani za muchs.ac.tz kama mahali pa kumwandikia mtafiti. Makala haitasahihishwa, imeshachapishwa.

Kwa hiyo lawama yangu siipeleki hasa kwa kampuni zilizokufa. Naipeleka kwa waliochukua kitu cha kuazima na kukigeuza ufunguo wa kitu cha kudumu bila kuuliza ni cha nani. Kenya, mfumo wa kodi wa iTax ulipoenea, watu wengi walisajiliwa na vijana wa saiba, yaani intaneti kafe, na kijana mwenye foleni ndefu aliona rahisi kuweka barua pepe yake mwenyewe kuliko kumfungulia kila mama mboga ya kwake. Tanzania kazi hiyo ni ya vijana wa steshenari, wanaojaza fomu za mikopo ya elimu ya juu na maombi ya ajira. Leo kijana yule ameoa, amehamia mji mwingine, saiba imekuwa saluni, na walipakodi wasiomjua hata jina nenosiri lao jipya linakwenda kwake. Anwani hizo hazijafa hata kidogo. Wenyewe tu ndio hawazijui. Kwa mlipakodi matokeo ni yaleyale ya mpima ardhi wetu: mlango umefungwa na ufunguo uko kwa mtu asiyejulikana alipo.

Na ukisema tuhamie kwenye ujumbe wa simu, laini isiyotumika kwa miezi kadhaa inafungwa na namba inauzwa upya. Wengi wetu tumepigiwa na mtu anayemtafuta mwenye namba wa zamani, mara nyingi ni mkopeshaji.

Kinachowezekana ni kidogo na ni cha kuchosha, ndiyo maana hakifanywi. Kila mfumo wa umma unaotumia barua pepe kama ufunguo uwe na njia ya dirishani iliyoandikwa wazi: njoo na kitambulisho, toa alama ya kidole ambayo tayari NIDA, mamlaka ya vitambulisho ya Tanzania, wanayo, ubadilishiwe anwani hapohapo. Alama za vidole tulichukuliwa wote kwa ajili ya laini za simu. Itakuwa ajabu zishindwe kumsaidia mzee kuingia kwenye usajili wa ofisi yake. Mara moja kwa mwaka mfumo umuulize mtumiaji kama anwani aliyonayo bado ni yake, kabla hajasahau nenosiri, maana baada ya hapo swali halina maana. Kwa upande wa kampuni za intaneti, TCRA, mdhibiti wa mawasiliano wa Tanzania, na wenzao wa Kenya na Uganda ndio wanaotoa leseni, na sharti la miezi sita ya kikasha bure linaingia kwenye leseni kwa aya moja.

Aya ya pili ingemtaka anayefunga huduma aendelee kukishikilia kikoa chake kwa miaka mitano bila kukitumia, ili barua zote zirudi kwa watumaji na asipatikane mtu wa kuzipokea. Nimewasikia wahasibu wakilalamikia gharama. Kukishikilia kikoa kimoja cha .co.tz kwa miaka hiyo mitano ni rahisi kuliko tangazo moja la nusu ukurasa gazetini la kuwaambia wateja kuwa huduma imefungwa.